Kisogo cha Mwenye Mashoto: Historia ya Kumlinda Kwotabeki wa Mkono wa Kushoto

Katika mpira wa Kimarekani, kwotabeki anayerusha kwa mkono wa kushoto huupa mgongo upande wa kulia wa uwanja. Kwotabeki ndiye anayekabidhiwa mpira mwanzoni mwa karibu kila shambulizi. Akitaka kuurusha mbele hurudi nyuma hatua tatu, tano au saba, hujigeuza ubavu huku bega moja likiwaelekea wapinzani, kisha husubiri mwenzake ajinasue kwa walinzi. Anayetumia mkono wa kulia hutanguliza bega la kushoto, kifua na macho vikielekea kulia, na adui anayetokea kushoto humjia kisogoni. Mwenye mashoto hutanguliza bega la kulia, kwa hiyo hatari asiyoiona hutokea kulia. Tofauti hiyo ya mkono imewabishanisha makocha wa Marekani kwa miaka mingi: mkingaji bora wa timu ahamishwe upande, au aachwe alipo na kisogo kilindwe na mwingine?

Kazi ya kukinga ni ya watu watano wanaopangwa mstari mmoja mbele ya kwotabeki. Katikati yupo senta, anayeanzisha mchezo kwa kuupitisha mpira kati ya miguu yake. Kila ubavu wake kuna gadi mmoja, na nje ya gadi wapo wakingaji wa pembeni, mmoja kulia na mwingine kushoto. Siku hizi wengi wao huzidi kilo 135. Kwa kawaida hawaruhusiwi kupokea pasi, na watazamaji wengi hulijua jina la mkingaji siku anapokosea tu. Wa pembeni ndiye mwenye mtihani mgumu zaidi. Gadi ana jirani kila upande, lakini yeye upande wake mmoja ni uwazi mtupu, na ndipo anapopita mshambuliaji, yaani mtu mwepesi wa timu pinzani anayepiga kona kumfuata kwotabeki.

Zamani suala hili halikuwa na uzito. Pasi ya mbele iliruhusiwa mwaka 1906, lakini kwa miongo kadhaa baadaye timu ziliendelea kuubeba mpira na kukimbia nao kuliko kuurusha. Kwotabeki wa sura ya leo, anayesimama mgongoni mwa senta na kuupokea mpira mkononi, alipata umaarufu mwaka 1940, kocha Clark Shaughnessy alipoupeleka mpangilio wa herufi T katika Chuo Kikuu cha Stanford, California. Aliyepewa kazi hiyo alikuwa Frankie Albert, kijana wa mashoto. Stanford walimaliza msimu bila kupoteza mechi, na tarehe 1 Januari 1941 wakaifunga Nebraska 21–13 katika mchezo wa Rose Bowl. Albert baadaye aliichezea San Francisco 49ers tangu klabu hiyo ilipoanza kucheza mwaka 1946. Mashoto, basi, hawakuchelewa kufika katika nafasi hii. Uchache wao ndio uliobaki vilevile. Maelezo yanayotolewa mara nyingi ni kwamba besiboli huwawahi, kwa kuwa mchezo huo huwathamini sana warushaji wa mkono wa kushoto.

Wa kwanza kati yao kushinda Super Bowl, fainali ya ligi kuu, alikuwa Ken Stabler wa Oakland Raiders, aliyepewa lakabu ya Nyoka. Upande wa kushoto wa safu yake kulikuwa na mkingaji wa pembeni Art Shell na gadi Gene Upshaw, na wote wawili waliingia baadaye katika Jumba la Umashuhuri la mchezo huo. Upande wa kulia, yaani kisogoni mwa Stabler, alikaa John Vella, mchezaji mzuri lakini si wa daraja hilo. Kwa mantiki ya baadaye, Raiders walikuwa wamekosea: ukuta wao mnene ulikuwa mbele ya macho ya kwotabeki, na ule mwembamba nyuma yake. Hawakuona hivyo. Timu ilipenda kukimbilia kushoto nyuma ya Shell na Upshaw, na Stabler alipojigeuza kurusha alikuwa tayari anautazama upande ambao wapinzani walishaanza kuuogopa. Tarehe 9 Januari 1977, mjini Pasadena, waliifunga Minnesota Vikings 32–14. Wachezaji wa Raiders walikimbia na mpira yadi 266 siku hiyo, 137 kati yake zikiwa za Clarence Davis, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ilifanyika kushoto.

Mambo mawili yaliugeuza mchezo katika miaka michache iliyofuata. Mwaka 1978 ligi kuu, NFL, ilibadili sheria na kuwaruhusu wakingaji kunyoosha mikono na kufungua viganja wanapomzuia mpinzani. Kurusha kukawa rahisi zaidi, na timu zikarusha zaidi. La pili ni mtu mmoja, Lawrence Taylor, aliyechaguliwa na New York Giants katika uteuzi wa wachezaji wapya wa mwaka 1981. Taylor alikuwa mlinzi wa safu ya pili mwenye mwili wa mtu wa safu ya kwanza na mbio za mtu wa safu ya mwisho. Mara nyingi alipangwa upande wa kulia wa ulinzi, ambao ndio kushoto kwa timu inayoshambulia, na makwotabeki karibu wote wa ligi walitumia mkono wa kulia. Hawakumwona akija. Mwaka 1982 ligi ilianza kuhesabu rasmi mara ambazo kila mchezaji anamwangusha kwotabeki kabla hajarusha, na takwimu hiyo ikawa njia ya mkato ya kudai mshahara.

Timu zilikuwa zimezoea kumwachia mkimbiaji wao mwenye mwili mdogo kazi ya kumzuia mtu kama Taylor, na hilo halikuwezekana. Kocha Bill Walsh wa 49ers alijaribu njia nyingine katika mchezo wa mtoano wa tarehe 3 Januari 1982: gadi wa kushoto, John Ayers, alirudi nyuma na kumsubiri Taylor kila alipokuja. San Francisco walishinda 38–24. Ilikuwa dawa ya siku moja, maana gadi akiondoka mahali pake huacha pengo ambalo mpinzani mwerevu hulifuata.

Usiku wa tarehe 18 Novemba 1985, mjini Washington, Taylor alimwangukia kwotabeki Joe Theismann na kumvunja mguu mbele ya kamera za televisheni. Mkingaji wa kushoto wa kawaida wa Washington, Joe Jacoby, hakuwa uwanjani kwa sababu ya jeraha. Theismann hakucheza tena. Tukio hilo ndilo mwandishi Michael Lewis aliloliweka mwanzoni mwa kitabu chake cha mwaka 2006 kuhusu kupanda thamani kwa mkingaji wa kushoto, kitabu kilichozaa filamu ya mwaka 2009 iliyompa Sandra Bullock tuzo ya Oscar. Wachezaji walipopata mwaka 1993 uhuru wa kuhama klabu mikataba inapoisha, soko lilisema waziwazi: mkingaji wa kushoto alianza kulipwa kuliko wenzake wote wa safu. Wa kulia alibaki mtu wa kusukuma, mzito na asiyehitaji wepesi sana.

Hesabu hiyo ilisimama juu ya sharti moja, kwamba kwotabeki anatumia mkono wa kulia. Klabu yenye kwotabeki wa mashoto ilitakiwa, kwa hesabu hiyohiyo, kumpeleka mkingaji wake bora kulia. Ni chache mno zilizofanya hivyo.

Cincinnati Bengals ndio mfano ulio wazi zaidi. Mwaka 1980 walimchagua Anthony Muñoz, ambaye wengi humhesabu kuwa mkingaji bora wa kushoto katika historia ya ligi. Miaka michache baadaye kwotabeki wao akawa Boomer Esiason, mwenye mashoto. Muñoz hakuhamishwa. Kisogo cha Esiason kikawa jukumu la Joe Walter, mkingaji ambaye nje ya Cincinnati ni wachache wanaomkumbuka, na mwaka 1988 Esiason alitangazwa mchezaji bora wa ligi. Bengals walifika Super Bowl ya tarehe 22 Januari 1989 na kufungwa na 49ers 20–16. Hakuna aliyelaumu upande wa Muñoz.

Sababu za kutomhamisha mtu kama yeye ni za mwili kabla ya kuwa za mbinu. Mkingaji wa kushoto huchuchumaa na mguu wa kushoto nyuma. Senta anapoachia mpira, mguu huo ndio unaoanza kurudi, mwingine ukiufuata kwa kuburuzwa, na mkono wa kushoto ndio unaomwahi anayekuja kwa nje. Mwendo huo hurudiwa maelfu ya mara mazoezini mpaka mwili unaufanya bila kuulizwa. Ukimhamishia kulia, kila kiungo lazima kijifunze upya kama katika kioo: mguu unaosukuma unakuwa unaovuta, na nyonga inafunguka upande usiouzoea. Wapo waliovuka bila shida. Wengine walihitaji msimu mzima, na msimu mmoja ni muda mrefu kwa kocha ambaye kazi yake inategemea matokeo ya Jumapili ijayo. Zaidi ya hapo, kwotabeki huumia na kubadilishwa kwa mwenye mkono mwingine, na safu haiwezi kupinduliwa kila mara hilo linapotokea.

Sababu nyingine iko kwa wapinzani. Mshambuliaji wa pembeni naye amejifunza upande mmoja. Kwa kuwa makwotabeki wengi ni wa mkono wa kulia, ligi ililea kizazi kizima cha washambuliaji wakali wa upande ule wa Taylor, na wengi wao hawakuhama hata walipokutana na mashoto mara moja au mbili kwa mwaka. Jambo hilo lilionekana vizuri mwishoni mwa mwaka 1996. Jacksonville Jaguars, klabu iliyokuwa na misimu miwili tu, ilikuwa na kwotabeki wa mashoto, Mark Brunell, na mkingaji wa kushoto kijana, Tony Boselli. Tarehe 28 Desemba walikwenda Buffalo kucheza mtoano na timu ya Bruce Smith, mmoja wa waangushaji hodari kuliko wote. Smith alibaki upande wake wa siku zote, akakutana na Boselli, na Boselli akamzima. Brunell alikuwa akilitazama pambano hilo kwa macho yake, wala halikuwa nyuma yake. Jaguars walishinda 30–27, na wiki moja baadaye wakawatoa Denver Broncos kwao kwa mabao hayohayo. Tena hawakukiacha kisogo wazi: mwaka huohuo walikuwa wamemsajili Leon Searcy kutoka Pittsburgh Steelers kuwa mkingaji wa kulia. Ndiyo njia ya busara kuliko zote, na ya gharama kuliko zote: kuwa na wawili.

San Francisco nao walikuwa na wawili, Steve Wallace kushoto na Harris Barton kulia, na kwao suala la mkono lilijitokeza kwa namna ya pekee. Kwotabeki Joe Montana alitumia mkono wa kulia. Alipoumia kiwiko na kukosa msimu wa 1991, nafasi ilichukuliwa na Steve Young, mwenye mashoto. Safu haikupinduliwa. Wallace akajikuta analinda upande unaoonekana, na kisogo kikawa cha Barton. Kilichobadilika ni michoro ya makocha. Michezo ambayo kwotabeki hukimbia pembeni kabla ya kurusha ilipinduliwa kwenda kushoto, na wapokeaji walilazimika kuzoea mpira unaozunguka kinyume na walivyouzoea.

Young pia alionyesha kwamba hatari ya mwenye mashoto haikai upande mmoja. Tarehe 2 Oktoba 1994, safu ikiwa na majeruhi, Philadelphia Eagles waliwafunga 49ers 40–8 nyumbani kwao. Young aliangushwa na kupigwa mpaka kocha George Seifert akamtoa ili kumnusuru, naye akamfokea kocha huyo hadharani. Wakingaji walipopona, mambo yaligeuka. Tarehe 29 Januari 1995 alirusha pasi sita za kufunga (tachidauni) katika Super Bowl dhidi ya San Diego Chargers, mchezo ulioisha 49–26, na rekodi hiyo bado imesimama. Mwaka 2005 alikuwa kwotabeki wa kwanza wa mashoto kuingia Jumba la Umashuhuri. Stabler aliingia 2016, mwaka mmoja baada ya kufariki. Lakini mwisho wa Young uwanjani ulikuja Septemba 1999, mjini Tempe katika jimbo la Arizona. Aeneas Williams, mlinzi wa pembeni wa Arizona Cardinals, alimkimbilia na kumwangusha baada ya mkimbiaji wa 49ers kukosa kumzuia. Young alipoteza fahamu na hakucheza tena. Wakingaji watano hawakuhusika, maana aliyetakiwa kumzuia Williams hakuwa mmoja wao.

Michael Vick, naye wa mashoto, hakuwa na bahati hiyo ya 49ers ya kuwa na wakingaji wawili. Mwaka 2010 Philadelphia walianza msimu na Kevin Kolb, mwenye mkono wa kulia, huku Jason Peters, mkingaji wa hali ya juu, akiwa kushoto. Kolb aliumia kichwa katika mchezo wa kwanza, Vick akaingia na kuishika nafasi. Ghafla kisogo kikawa cha Winston Justice, mkingaji wa kulia, ambaye alikuwa na doa la zamani: mwaka 2007, akijaribiwa kushoto, alimruhusu Osi Umenyiora wa Giants kumwangusha kwotabeki mara sita katika mchezo mmoja. Kazi ya kumlinda mwenye mashoto, hata hivyo, haikuwa ngeni kwake. Katika Chuo Kikuu cha Southern California alikaa kulia nyuma ya kisogo cha Matt Leinart, naye wa mashoto. Vick aliponea mara nyingi kwa miguu yake. Mwaka 2011 Eagles walimhamisha Todd Herremans kutoka gadi wa kushoto hadi mkingaji wa kulia, na Peters akaachwa palepale.

Wakati huo nadharia ya kisogo chenyewe ilikuwa inaanza kuchakaa. Makocha wa ulinzi waligundua kwamba kama pesa yote imewekwa kushoto, basi mlango uko kulia. Walianza kuwapanga washambuliaji wao bora mbele ya mkingaji wa kulia, ambaye mara nyingi alikuwa mzito na asiye mwepesi wa miguu. Von Miller wa Denver Broncos alijenga jina upande huo. Tarehe 7 Februari 2016, katika Super Bowl ya 50, Carolina Panthers walimpanga kushoto Michael Oher, kijana yuleyule ambaye maisha yake yalisimuliwa katika kitabu cha Lewis. Maafa hayakutoka kwake. Miller alimpita mkingaji wa kulia, Mike Remmers, akampokonya mpira kwotabeki Cam Newton mara mbili, na mara zote mbili Denver walivuna tachidauni. Mchezo uliisha 24–10. Newton hutumia mkono wa kulia, kwa hiyo mpira ulipokonywa kutoka upande ambao macho yake yalikuwa yanaelekea. Kuona hakukumsaidia, kwa sababu muda ulikuwa umekwisha.

Baada ya hapo ilikuwa vigumu kutetea mishahara ya upande mmoja. Aprili 2024 Penei Sewell wa Detroit Lions alipewa mkataba wa miaka minne wa dola milioni 112, mkubwa kuliko wa mkingaji yeyote kwa wastani wa mwaka wakati huo. Wakati huo Sewell alikinga kulia, na kwotabeki wake, Jared Goff, alirusha kwa mkono wa kulia.

Katika hali hiyo ndipo mashoto waliporejea. Baada ya Kellen Moore kuichezea Dallas Cowboys mwanzoni mwa Januari 2016, hakuna mwenye mashoto aliyeanza mchezo wa ligi kama kwotabeki mpaka Tua Tagovailoa wa Miami Dolphins, tarehe 1 Novemba 2020. Tagovailoa, mzaliwa wa Hawaii, hutumia mkono wa kulia katika mambo mengine. Baba yake ndiye aliyemzoeza kurusha kwa kushoto. Katika Chuo Kikuu cha Alabama kisogo chake kililindwa na Jedrick Wills, mkingaji wa kulia. Wills alichaguliwa wa kumi mwaka 2020, na Cleveland Browns, ambao kwotabeki wao alitumia mkono wa kulia, wakampeleka kushoto. Miami nao mwaka huohuo walimchukua Austin Jackson wakampanga kushoto, na chipukizi mwingine, Robert Hunt, akapewa kulia. Machi 2022 walimsajili Terron Armstead kwa mkataba wa miaka mitano wa dola milioni 75. Mjadala wa zamani ukafufuka: je, Armstead ahamie kulia? Hakuhama. Jackson ndiye aliyehamishwa, na mwaka 2023 alicheza vizuri kiasi cha kuongezewa mkataba.

Dawa kubwa ya Miami haikuwa safu, ilikuwa saa. Kocha Mike McDaniel alipanga michezo ambayo mpira unatoka mkononi haraka sana, na mwaka 2023 Tagovailoa alikuwa miongoni mwa warushaji wepesi kuliko wote huku akiongoza ligi kwa yadi 4,624. Mshambuliaji anayehitaji sekunde tatu kufika hafiki, atoke kulia au kushoto. Njia hiyo ina mipaka yake. Timu ikiachwa nyuma kwa mabao hulazimika kurusha mbali, na kurusha mbali huhitaji kungoja. Tena majeraha ya kichwa yaliyomsumbua Tagovailoa mwaka 2022 yalionyesha kwamba hata anayerusha mapema bado huanguka.

Michael Penix Jr., mwingine wa mashoto, alichaguliwa wa nane na Atlanta Falcons mwaka 2024. Mwaka uliotangulia, safu ya Chuo Kikuu cha Washington iliyomkinga ilipata Tuzo ya Joe Moore, inayotolewa kwa safu bora ya wakingaji vyuoni. Kulia, kisogoni mwake, alikaa Roger Rosengarten. Kushoto alikaa Troy Fautanu. Uteuzi wa wachezaji wapya ulipofika, Fautanu, aliyelinda upande unaoonekana, ndiye aliyechaguliwa mapema, wa ishirini, na Pittsburgh Steelers wakamhamishia kulia. Rosengarten alisubiri hadi wa 62, akaenda Baltimore Ravens, na huko akabaki kulia kumkinga Lamar Jackson, anayerusha kwa mkono wa kulia. Katika uamuzi wa klabu zote mbili, mkono wa kwotabeki haukuwa na sauti. Kilichopimwa ni miguu ya mkingaji, na upande gani wa safu ulikuwa na nafasi.